Mume wangu alilala dakika 20 na hakukosa kitu: barua ya wazi kwa watengenezaji wa vipindi vya uhalifu na maisha halisi

KWA: Wakurugenzi wa vituo vya televisheni na majukwaa ya video, watayarishaji na wahariri wa vipindi vya visa vya kweli vya uhalifu na vya maisha halisi.

YAH: MALALAMIKO YALIYOKWISHA KULETWA MARA TATU BILA KUJIBIWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu faraghani nimeshindwa. Barua pepe yangu ya kwanza, kwa kituo ambacho sitakitaja, ilijibiwa kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Maoni yako ni muhimu kwetu." Mara ya pili nilijaza fomu ya malalamiko. Fomu ilinitaka nichague tatizo moja kati ya matatu: picha, sauti au malipo. Nikachagua sauti, maana kilichonikera ni sauti ya mtu iliyokatwa ikaungwa upya. Siku mbili baadaye akanipigia kijana mmoja mwenye adabu zake, akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza kama nimejaribu kuzima king'amuzi na kukiwasha tena. Nilimshukuru. Mara ya tatu niliandika kurasa mbili na kuwapelekea watayarishaji wenyewe. Jibu likaja: "Asante kwa kuwasiliana nasi."

Msinidhanie mtu anayechukia runinga. Nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka 26. Kazi yangu ilikuwa kuandika mienendo ya kesi na kutunza majalada, na sasa nimestaafu. Jioni natazama kesi za watu wengine kwenye runinga. Mume wangu husema mvuvi akistaafu huenda kukaa ufukweni kuwaangalia wenzake wakivuta nyavu. Basi ndiyo mimi. Navipenda vipindi vyenu, na hata hivi vya watu kufungiwa ndani ya jumba moja na kugombania mapenzi na fedha navitazama mpaka msimu unakwisha. Anayeandika barua hii ni mteja wenu mzuri.

Ila kazi yangu ilinifunza kanuni moja ambayo haijanitoka. Karani akikosea kuandika, hafuti wala hapaki wino mweupe. Anakata kwa mstari mmoja mwembamba, ili lililoandikwa kwanza liendelee kusomeka, anaandika lililo sahihi juu yake, kisha anaweka saini ndogo pembeni. Atakayesoma baadaye ataona palikuwa na nini, pamewekwa nini, na aliyebadilisha ni nani. Nikitazama vipindi vyenu mkono wangu unatafuta ile saini ya pembeni, na siioni. Malalamiko yangu mengi yanaanzia hapo, lakini nianze na dogo linalochekesha.

1. Mnanionyesha nilichokwisha kuona.

Usiku mmoja nilikaa na daftari na saa ya simu nikapima kipindi kimoja cha mauaji, cha saa nzima. Matangazo ya biashara yalichukua dakika 16. Hizo sizilalamikii, najua mshahara wa mtu unatoka wapi. Zikabaki 44. Ndani ya hizo, dakika 11 zilikuwa za kunionyesha yanayokuja baada ya mapumziko, na baada ya mapumziko kunikumbusha yaliyotokea kabla yake. Kuna mwigizaji aliyevaa koti jeusi, hana uso, anatembea kwenye korido kuelekea mlango wenye mwanga. Alitembea mara saba. Mara ya saba nilikuwa nimeshamzoea kiasi cha kutaka kumfungulia.

Mume wangu hulala kabla ya mapumziko ya pili. Usiku ule alilala dakika 20 kamili, akashtuka na kuuliza, "Wameshamkamata?" Nikamwambia bado. Akatazama kidogo, akaelewa kila kitu, akalala tena. Dakika 20 za kipindi cha dakika 44, na hakukosa hata jina la mtaa.

Na kile kionjo cha "dakika chache zijazo, siri itakayobadilisha kila kitu"! Tulingoja. Siri ikawa ni kwamba mpelelezi alipata risiti, na risiti yenyewe haikuhusika na kesi.

2. Mnaunga maneno ya watu, na hamsemi kwamba mmeunga.

Hili ndilo kubwa, na kwa hili naomba msinipe jibu la mashine.

Mtu anaanza sentensi tukiwa tunamwona uso. Katikati, picha inahamia kwenye mikono yake, au kwa mtu mwingine aliyekaa kimya, au kwenye dirisha lenye mvua, na sauti inaendelea. Watazamaji wengi hudhani ni urembo wa picha. Mara nyingi hapo ndipo pana mshono. Maneno ya kabla ya dirisha yalisemwa Jumatatu, ya baada ya dirisha Alhamisi, juu ya mtu mwingine kabisa. Mwenye sikio huusikia mshono: pumzi inakatika njiani, mwangwi wa chumba unabadilika, sauti inashuka mahali ambapo msemaji alikuwa bado hajamaliza.

Katika shindano moja la wapenzi msimu uliopita, binti mmoja alikuwa kwenye kile kiti cha kusema na kamera peke yake. Akaanza: "Namheshimu kila mtu humu ndani." Kucha zake nyekundu. Picha ikaenda kwa mwenzake anayekunywa maji. Sauti ikaendelea: "Lakini huyu, simtaki hata kumwona." Picha iliporudi kwake neno la mwisho lilikuwa bado mdomoni, na kucha hazikuwa na rangi hata moja. Usiku ule sikuliona hilo; nililiona majuma matatu baadaye, nikairudisha nyuma mara nne. Huyo asiyetaka kumwona anaweza kuwa mtu yeyote. Anaweza kuwa buibui aliyemkuta bafuni.

Kuanzia usiku ule binti yule akawa mbaya wa msimu. Watu walimtukana mitandaoni mpaka akafunga kurasa zake. Mimi sikumtukana, lakini sitajisafisha: kwa majuma matatu kabla ya kuziona zile kucha nilikuwa nikimchukia, na nilifurahi siku wenzake walipomsema. Mlinifanyia hesabu ya chuki nami nikailipa yote.

Mtasema hayo ni mambo ya mashindano ya mapenzi, hayana uzito. Basi tuje kwenye uzito. Mwaka 2015 HBO ilirusha mfululizo uitwao The Jinx, juu ya Robert Durst, mrithi wa familia tajiri ya majumba ya New York. Mwishoni Durst anaingia msalani akiwa amesahau kwamba kipaza sauti bado kiko mwilini, na tunamsikia akijisemea. Kwa tafsiri yangu: "Nilifanya nini mimi? Niliwaua wote, bila shaka." Kipindi kikaishia hapo, na dunia nzima ikashika mdomo. Mimi pia.

Mwaka 2019, wakati kesi yake ikiendelea kuandaliwa, maandishi ya sauti yenyewe kabla ya kukatwa yakajulikana. Kumbe maneno ya kuua yalitangulia. Yakafuata maneno mengine kadhaa, mengine hayasikiki vizuri, na lile swali la "nilifanya nini" likaja mwisho. Maneno yote mawili aliyasema kweli. Mpangilio tu ndio haukuwa wake.

Simtetei Durst. Mwaka 2021 alitiwa hatiani kwa kumuua rafiki yake Susan Berman, na alifariki Januari 2022. Lakini nimekaa kwenye chumba cha mahakama miaka 26 na najua mpangilio wa maneno hufanya nini. Swali likifuatwa na jibu, hilo ni ungamo. Jibu likitangulia na swali likaja baada ya maneno manne matano, huyo anaweza kuwa mzee anayebwabwaja peke yake, na ni kazi ya mawakili kubishana alimaanisha nini. Karani angepanga upya maneno ya shahidi namna hiyo, hata kama shahidi ni mwongo na mshtakiwa ni muuaji, angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe angetafutiwa wakili.

Sisemi msikate. Mwaka 1973 kituo cha PBS cha Marekani kilionyesha maisha ya familia moja katika mfululizo ulioitwa An American Family, ambao wengi huuhesabu kuwa mama wa vipindi vyote vya maisha halisi. Zilipigwa picha za saa 300 hivi, zikatoka sehemu 12. Hakuna mtu angeketi saa 300. Kukata ni lazima. Familia ile nayo ililalamika kwamba waliobaki kwenye kioo si wao wanaojijua. Ndiyo maana naomba saini ya pembeni na si saa 300.

3. Marehemu anapata dakika moja na sekunde 40.

Nazo nilizipima usiku ule ule. Picha ya sherehe ya kuzaliwa, inayovutwa karibu polepole mara tatu. Ndugu mmoja anasema alikuwa nuru ya nyumba. Kwenye vipindi vyenu kila aliyeuawa alikuwa nuru ya nyumba. Sijawahi kumwona aliyekuwa mkaidi, mchekeshaji, mwenye madeni, au aliyependa kubishania mpira. Aliyeua, kwa upande wake, tulielezwa utoto wake, shule yake, barua zake, hadi mbwa wake.

Niwasimulie kitu kimoja nilichokiona kazini, bila jina la mtu wala la mahali. Kesi ilichukua siku 11. Mama wa marehemu alikuja siku zote 11, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kila upande wa mashtaka ulipokuwa tayari kutoa kielelezo kibaya, askari wa mahakama alimgusa bega, naye akatoka nje. Kielelezo kikisharudishwa kwenye bahasha na bahasha ikafungwa, askari alitoka kumwita arudi. Hakuna sheria iliyoandika hivyo. Askari alijitungia tu, siku ya kwanza, na hakimu akaacha.

Kwenye runinga hakuna anayemgusa mtu bega. Mwaka 2022 Netflix ilitoa tamthilia juu ya Jeffrey Dahmer, aliyeua wanaume na vijana 17 nchini Marekani. Baadhi ya ndugu wa marehemu wakasema hadharani kwamba hawakuulizwa. Dada wa mmoja wao, ambaye mwaka 1992 alisimama mahakamani kusema uchungu wake mbele ya muuaji, alijikuta akiigizwa maneno yale yale, kwa nywele na nguo zile zile, wala hakuwa amepata hata simu ya kumwarifu. Mtayarishaji, Ryan Murphy, alieleza kwamba waliwatafuta watu wapatao 20, ndugu na marafiki, na hakuna aliyejibu. Yawezekana. Lakini nyumba ya msiba ikinyamaza, jirani haingii na kamera akidai amekaribishwa.

Hoja ya kwamba mwenendo wa kesi ni rekodi ya umma naijua kuliko ninyi, maana niliuandika mimi. Ni ya umma ili haki ionekane imetendeka. Haikuandikwa iwe maneno ya kukaririwa na waigizaji.

4. Mnarudia vipindi ambavyo ukweli wake umekwisha muda.

Usiku wa manane mnatuwekea marudio ya miaka ya tisini. Mtaalamu wa maabara anaweka unywele chini ya hadubini na kusema kwa uhakika wote kwamba ni wa mshtakiwa. Muziki unapanda. Sasa, mwaka 2015 FBI yenyewe ilikiri kwamba katika mienendo ya kesi iliyokwisha kupitiwa, wachambuzi wake wa nywele walikuwa wametoa maelezo yenye makosa katika zaidi ya asilimia 90. Ushahidi wa alama za meno kwenye ngozi nao ulikosolewa vikali tangu ripoti ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 2009. Wapo waliofungwa kwa ushahidi wa aina hizi, wakaja kuachiwa baada ya vipimo vya vinasaba.

Vipindi vyenu havijui. Havina hata mstari mmoja wa maandishi chini ya picha. Mtu aliyeshinda rufaa na kutoka gerezani anaweza kurudi nyumbani, akaoga, akawasha runinga na kujikuta bado ni muuaji, kwa sauti nzito ya msimulizi, pamoja na yule wa koti jeusi akitembea kwenye korido. Jalada la kesi likisharudi kutoka rufaa hubandikwa uamuzi mpya juu kabisa. Kubandika kunachukua dakika mbili, pamoja na kutafuta gundi.

5. Washiriki si vyombo vya kuvunjwa.

Hapa nitasema kidogo, kwa kuwa wengine wameshasema vizuri kuliko mimi. Mei 2019 kituo cha ITV cha Uingereza kilikifuta The Jeremy Kyle Show, kipindi kilichodumu miaka 14, baada ya mgeni mmoja kufariki siku chache tu tangu arekodiwe akielezwa kwamba ameshindwa kipimo cha uongo. Uchunguzi wa kifo hicho uliomalizika mwaka 2024 haukuthibitisha kwamba kipindi ndicho kilichosababisha, nami siwezi kusema ambalo mchunguzi hakulisema. Nasema hili tu: chombo kile hakipimi uongo. Kinapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho, na mtu mkweli mwenye hofu huwa navyo vyote vitatu kwa wingi. Kutoa matokeo yake mbele ya ukumbi unaopiga makofi kama mtu anayesoma hukumu ni jambo ambalo mahakama nyingi haziwezi kulikubali.

Baada ya hapo mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, Ofcom, alitunga kanuni za kuwalinda washiriki, zikaanza kutumika Aprili 2021. Kwa hiyo inawezekana. Vituo havikufilisika. Vipindi viliendelea, na mapenzi bado yanavunjika kwa ratiba.

6. Kamera nyuma ya polisi.

Mei 2010, mjini Detroit, Marekani, polisi walivamia nyumba usiku wakiwa wameandamana na wapiga picha wa The First 48, kipindi cha kuwafuata wapelelezi wa mauaji kazini. Mtoto wa kike wa miaka 7 aliuawa kwa risasi ya askari. Mashtaka yaliyohusu risasi ile yalifikishwa mahakamani mara mbili, majaji raia, yaani watu wa kawaida walioitwa kuamua kesi, hawakuafikiana, na hatimaye yakafutwa. Sijui askari anayepigwa picha hufikiri nini anapokaribia mlango. Najua tu kwamba mimi, nikijua napigwa picha, hata chai naimimina tofauti.

Waheshimiwa, najua mtakachonijibu, kama mtanijibu.

Mtasema: "Hakuna anayekulazimisha, zima." Nikizima, binti wa kucha nyekundu ataendelea kutukanwa na mama wa benchi la nyuma ataendelea kuoneshwa kielelezo. Kuzima kunaniondoa mimi tu.

Mtasema: "Walisaini mkataba." Nimeona mikataba mingi ikiletwa kama vielelezo. Kijana wa miaka 22 aliyeahidiwa umaarufu anasaini ukurasa wa mwisho akiwa amesimama, na kalamu mmempa ninyi.

Mtasema: "Watazamaji ndio wanaopenda hivyo." Mlituuliza lini? Fomu yenu ina picha, sauti na malipo.

Na mtasema kwamba ni burudani tu, hakuna anayeichukulia kama kweli. Mnaandika "kisa cha kweli" kwa herufi kubwa mwanzoni kabisa, halafu mkishikwa mnasema burudani. Chagueni moja. Marekani ya miaka ya hamsini ilikuwa na mashindano ya maswali ya runinga ambayo nayo yalikuwa burudani tu. Katika shindano la Twenty-One washiriki waliopendwa walipewa majibu mapema na kufundishwa hata namna ya kufuta jasho. Novemba 1959 bingwa wake, Charles Van Doren, alikiri mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kukataza kupanga matokeo ya mashindano ya aina hiyo. Watu wale walikuwa wameketi nyumbani wakishangilia akili za mtu. Walipojua kwamba waliyemshangilia ni mwigizaji, hawakucheka.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Mkiunga maneno yaliyosemwa nyakati tofauti, wekeni alama kwenye kona ya kioo kwa sekunde hizo. Nukta ndogo inatosha. Mkibadilisha mpangilio wa maneno katika jambo la kifo cha mtu, andikeni wazi. Na sauti kamili itunzwe, ili mtu aliyeonyeshwa au wakili wake akiiomba aipate.

(b) Kila kipindi cha uhalifu, kiwe kipya au cha marudio, kifunguliwe na maandishi yanayosema kilitengenezwa mwaka gani, kesi imefikia wapi leo, na kama kuna ushahidi ndani yake ambao sayansi imekwisha kuukataa.

(c) Ndugu wa marehemu watafutwe kabla ya kamera kuwashwa, waelezwe kipindi kitarushwa lini ili siku hiyo wawe mbali na runinga wakitaka, na mseme kwenye kioo kama waliridhia, walikataa au hawakujibu. Wakikataa, angalau msiwaigize wao.

(d) Mshiriki wa maisha halisi awe na mshauri wa afya ya akili asiyelipwa kwa maelekezo ya mtayarishaji, kabla, wakati na baada, na "baada" isiwe wiki moja. Na aone alivyokatwa kabla dunia haijamwona.

(e) Mtembezeni yule wa koti jeusi mara mbili. Tatu zikizidi sana.

(f) Mweke mtu wa kusoma malalamiko. Mtu mwenye jina, wa kuweka saini ndogo pembeni.

Nawapa siku 30, ambazo ni nyingi kuliko nilizopewa na fomu yenu. Zikipita kimya sitasusa kutazama, nisiwadanganye. Nitaendelea kukaa na daftari na saa. Kila Jumapili nitachapisha hesabu ya kipindi kimoja: dakika za marudio, dakika za marehemu, na kila mshono niliousikia, na ulipo hasa. Mume wangu amejitolea kuwa kipimo cha pili. Tutaandika kalala dakika ngapi, na akiamka amekosa nini.

Wenu katika kutazama,

Karani mstaafu wa mahakama

Nakala kwa:
- Mamlaka za kusimamia utangazaji, pamoja na daftari la kwanza lenye kurasa 38.
- Makampuni yanayolipia zile dakika 16, ili yajue yanakaa jirani na nini.
- Kijana wa huduma kwa wateja aliyenipigia simu. Mwanangu, nilikizima king'amuzi na kukiwasha tena kama ulivyoniambia. Binti bado anasema vile vile.